Mbegu za Juni

Mvua ya kwanza ikiigusa Álamos
mama hutuamsha kabla jua halijachoma mawe.
Tunainama chini ya vichaka, hatusemi;
anayesema hasikii.
Majani makavu ndiyo yatakayotuambia:
ta. Kimya. Ta, ta.

Hapo.

Nondo aliyemzaa hakuzidi ukucha wa kidole changu cha mwisho,
rangi ya jivu la jana.
Alitaga juu ya ua changa, akafa hajala kitu.
Kiwavi akatoboa, akaingia, tundu likajifunga nyuma yake,
akaila nyumba kutoka ndani
hadi zikabaki kuta.
(Kama baba yako na duka, asema mama.)

Don Eleuterio hununua kwa kopo.
Humwaga mezani, huchagua warukao sana.
"Wanacheza!"
Hawachezi. Ni joto.
Kiwavi hushika hariri aliyoitandika mwenyewe,
hujipiga kichwa ukutani
akitafuta kivuli asichokiona.

Mwaka jana nilificha moja ndani ya kibiriti.
Niliitoboa kwa pini nimwone;
kulipokucha alikuwa ameziba kwa uzi.
Sikurudia.

Novemba akanyamaza. Nikajua nimemuua.
Kumbe alishakata mlango, duara,
mdogo kuliko punje ya mtama,
akauacha umeshikwa na nyuzi,
maana nondo hatakuwa na meno ya kutokea.

Juni tena. Kibiriti kilikuwa chepesi,
na kwenye kioo cha taa vumbi la fedha.
Mama alilipangusa kwa mkono wa blauzi,
akauliza nani kaacha dirisha wazi.