Valini 41 au 68

Oulu, mwezi wa kwanza. Jua lilichungulia saa nne na nusu,
saa nane likaaga. Huko nje baiskeli zimeegeshwa,
kila tandiko limevaa kofia ya theluji.
Mimi niko ghorofa ya chini na sumaku,
pipa refu la chuma lenye baridi tumboni kuliko uwanja wote.
Funguo nimeziacha kwenye kikapu cha mlangoni.

Sumaku imekwisha kusema. Siku tatu imesema.
Imebaki kazi yangu: kuandika nani ni jirani ya nani.

Kwenye skrini ni madoa, elfu mbili mia moja na kitu,
kila doa ni hidrojeni mbili zilizosikiana.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa methali ina hesabu yake:
umbali ukizidi mara mbili,
sauti inabaki sehemu moja ya sitini na nne.
Kwa hiyo doa nene naliandikia: si zaidi ya mbili nukta saba.
La wastani: si zaidi ya tatu na nusu.
Lililofifia kama alama ya kikombe mezani: tano.
Angstromu, kipimo ambacho upana wa unywele wangu mmoja
ungekimeza mara laki kadhaa.

Si zaidi ya. Sisemi wanakaa wapi.
Sisemi hata wamekaribiana kiasi gani.
Nafunga kamba tu, naiacha ilegee,
maana kamba iliyokazwa na asiyejua
humnyonga mbuzi.

Na pasipo doa siandiki kitu.
Irja Kemppainen alinifundisha hilo wiki ya kwanza,
akikoroga kahawa yake ya nne kwa kitako cha kalamu:
"Kimya si umbali. Huenda maji yamefunika.
Huenda mmoja wao anatikisika mno, hasikiki."
Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa.

Daftari nililirithi kwa Osmo, aliyestaafu nilipofika.
Mwandiko wa penseli, umeegemea kushoto.
Mstari wa mia tatu na kumi na mbili: "valini 41 au 68".
Au! Nilikereka. Niliona uzembe wa mzee anayewahi basi.
Nikalinganisha namba, nikachagua 41, nikafuta ile nyingine,
faili likapendeza, limenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Usiku kompyuta ikakunja mnyororo mara mia,
kila mara ikianza na uzi uliotupwa ovyo.
Asubuhi nafungua: protini imejikunyata,
kitanzi chake kimevutwa hadi tumboni
kama mkono uliofungiwa ndani ya koti,
na orodha ya kamba zilizokatika, arobaini na tatu,
na cha ajabu, mstari wangu wa 312 haukuwemo.
Wenyewe ulitimia. Majirani ndio waliolipa.

Nilitafuta siku mbili. Nililaumu fenilalanini ya 19,
nililaumu joto, nililaumu programu.
Irja hakusema neno. Alifungua daftari la Osmo,
akaweka kidole mahali, akaenda kula.

Nikalirudisha. Herufi mbili.
Nikaiambia kompyuta: huyu au yule, au wote kwa pamoja,
utaona mwenyewe kadiri umbo linavyojitokeza.

Leo nimezilaza ishirini bora, moja juu ya nyingine.
Kifua kimelingana, uzi juu ya uzi,
ila mkia, asidi amino kumi na moja za mwisho,
umetawanyika kama nywele za mtu aliyeamshwa.
Aatos anauliza kama nitaukata kwenye picha.
Hapana. Hatukusikia kitu kutoka huko.
Uonekane hivyo hivyo.

Kisha natafuta namba ya Osmo.
Sijui nitamwambia nini; labda kwamba ilikuwa 68,
labda nitauliza tu hali.
Simu inaita. Saa tisa, giza tayari. Inaita.
Hapokei.
Labda yuko nje, anazoa theluji mlangoni kwake.