Kugawa kwa Sifuri

Imeanguka tena.
Saa tisa na dakika kumi na saba za usiku,
kama jana, kama juzi,
kama mtu aliyeweka miadi.
Nje, Narva imeganda hadi kwenye mifupa,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
na mto unaotutenga na Urusi umelala chini ya barafu
kama karatasi ambayo hakuna anayetaka kuitia saini.

Seva hii ndiyo inayoupimia mji joto:
bomba hili lifunguliwe, lile lipunguzwe,
kila nyumba ihesabiwe ilichokunywa.
Ikizimika, mabomba hubaki yalivyokuwa,
na kukicha simu zinalia,
huyu anachemka, yule anatetemeka,
wote wanamtaka Riina.
Riina ni mimi.

Usiku wa kwanza nilisema kumbukumbu imejaa,
nikaiongezea kumbukumbu.
(Laiti na yangu ingeongezwa hivyo;
paka wangu amelala na njaa mara mbili wiki hii.)
Usiku wa pili nikalilaumu sasisho la Jumatatu,
nikaling'oa, nikalirudisha lilikotoka.
Usiku wa tatu nikabadili diski, nikabadili kebo,
nikapuliza vumbi la feni kwa pumzi yangu mwenyewe.
Heldur, mkuu wangu, akasema, "Iwashe upya tu."
Iwashe upya!
Ni kumfunika mgonjwa shuka jipya
na kumpongeza kwa kupona.

Leo sikuiwasha. Nimekaa na maiti.
Nimevua viatu, nimeacha kahawa ipoe,
nimesoma daftari la matukio kinyumenyume,
maelfu ya mistari inayosema sawa,
sawa,
sawa,
mpaka nikaifikia sawa ya mwisho
na kimya kilichoifuata.
Zamu ilikuwa ya Mtaa wa Kangru, jengo la nane,
nyumba namba arobaini na moja.
Mita: sifuri.
Haikuharibika. Haikukatika. Ilisoma sifuri
tangu tarehe tano Januari.

Na programu, iliyoandikwa na mtu aliyeamini
kwamba hakuna binadamu asiyewasha joto Januari,
ilitaka tu kujua kila chembe ya joto imegharimu nini.
Ikachukua bili, ikaigawa kwa sifuri,
ikakosa pa kushika, ikafa.
Kila usiku ilifika mlangoni pale,
na kila usiku ilifia mlangoni pale.

Ningeweza kuishia hapo. Dawa yake ni mstari mmoja:
ikiwa ni sifuri, ruka.
Vidole vilikwisha kuandika *ruka*.
Nikalitazama lile neno.

Saa kumi na moja alfajiri nikampigia Gennadi, mtunza jengo.
Alinitukana kwa Kirusi, kwa adabu,
akavaa, akapanda ghorofa tano kwa miguu,
simu mfukoni, haijakatwa.
Nikasikia ngazi. Nikasikia kikohozi chake.
Nikamsikia akibisha.
Akabisha tena.
Nilikuwa nimeushika ukingo wa meza.
Kisha komeo.

Faina Arkadjevna, makoti mawili mwilini,
kofia ya marehemu mumewe kichwani.
Vali zote alizifunga mwenyewe, kwa koleo,
bili ya Desemba ilipoizidi pensheni.
"Kwani nimeharibu kitu?" aliuliza,
na Gennadi, ambaye huwa na jibu la kila kitu,
akaanza kuulizia chai iko wapi.

Nimefuta *ruka*.
Nimeandika: ikiwa ni sifuri, usife;
mwite mtu.

Heldur amekuja saa mbili, theluji mabegani,
amesoma, ameukuna mdomo.
"Mtu gani?" ameuliza.
"Hapa panatakiwa jina la idara."

Bili yake bado iko palepale, haijapungua hata senti.
Idara ya jambo hili sijaipata.
Kwa sasa nimeweka namba yangu.