Vidato Kumi na Saba

Mwaka wetu, sisi wa halmashauri, hauzaliwi Januari.
Unazaliwa Julai, kwenye karatasi,
una meno yote na hauna hata senti;
unatambaa mpaka Oktoba,
unasimama dede Februari fedha zikidondoka,
na ifikapo Juni unakimbia kama aliyechokoza nyuki,
zege usiku kucha kwa taa za jenereta,
kwa kuwa tarehe thelathini
kisichotumika kinarudi kilikotoka.

Mwaka ule tulizibua mfereji wa Mirongo:
magodoro matatu, jokofu, kiti cha kinyozi.
Mabatini tulitandika lami
nyembamba kama siagi ya mkono wa mchoyo.
Tulisimamisha taa kumi na nne njia ya Nyakato,
kumi na moja zikawaka.
Na Igogo, mlimani, ambako nyumba zimekaa juu ya mawe
kama mbuzi waliokimbia mafuriko wakasahau kushuka,
tulijenga ngazi.

Mimi ndiye niliyeshika futi.

Kokoto tulinunua kwa Nyanjige,
anayekaa juu kabisa, pale njia inapokata tamaa.
Anachoma matairi juu ya mwamba,
anaumwagia maji, unalia, unapasuka;
kisha nyundo, tangu alfajiri, mguu mmoja kaukunja,
dole gumba kalivalisha mpira wa tyubu.
"Fundi," aliniuliza, "hizi ngazi zitafika kwangu?"
Nikakunjua mchoro.
Kwenye mchoro zilifika.

Juni ishirini na tisa zilifika kwa Lushinge muuza dagaa.
Saruji ikaisha hapo. Mkandarasi akapakia makoleo,
mashine ya zege ikashushwa kwa kamba,
watu wanne, polepole, kama jeneza.
Kati ya kidato cha mwisho na mlango wa Nyanjige
ukabaki mwamba mtupu,
na utelezi,
na ndoo ya maji kichwani.

Sikurudi mpaka Mei.
Nilitumwa na mhandisi kuhakiki kazi za mwaka uliopita, zimesimamaje.
Nikatangulia, nikapanda nikihesabu kwa sauti, ndivyo nilivyofundishwa,
mia moja tisini na tatu, kwa Lushinge,
mguu ukatafuta mwamba
ukapata kidato.
Na kingine.
Vya kwanza vilikuwa vya mtu anayejifunza:
kimoja kirefu, kimoja kifupi,
kimoja kimeegemea kushoto kama mlevi mwenye adabu.
Cha nane kikanyooka.
Cha kumi, hata mimi nisingekitoa vile.
Kumi na saba.

"Nilinunua saruji mfuko mmoja mmoja," alisema, nyundo haikusimama.
"Kokoto, mwanangu, kokoto ninazo."

Mhandisi akafika anahema, akatazama mchoro, akatazama hesabu yangu:
mia mbili na kumi kwenye karatasi,
mia mbili na kumi mlimani.
"Asilimia mia," akasema. "Andika."

Nikaandika.
Jedwali lina safu ya mkandarasi, safu ya gharama,
safu ya chanzo cha fedha.
Kwenye maoni nikaweka: *vidato vya juu ni imara kuliko vya chini.*
Nilitaka kuongeza neno. Nafasi ilikuwapo, ya neno moja, hata mawili.
Nikafunika kalamu.

Kwenye kidato cha kumi na saba, mbele ya mlango,
pana unyayo wa mtoto, vidole vyote vitano,
saruji ilikuwa bado mbichi.
"Huyo Kabula," Nyanjige alisema. "Alikatazwa."
Akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

Mhandisi alikwisha shuka, nasikia anaita jina langu
kutoka kule kwa Lushinge.
Nikachutama, nikavuta futi, nikaupima:
sentimita kumi na nne na nusu.

Haimo kwenye taarifa.