Upawa Ulizamishwa

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
juu ya duka la mbegu karibu na steji ya Ahero,
tunakaa watu saba kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigonga mbao,
kujifunza upya Kiingereza tulichodhani tunakijua.

Mimi nimehesabu viluwiluwi vya mbu miaka tisa
katika majaruba ya mpunga.
Kwa harufu tu ya maji najua
jaruba lipi limelala siku nne bila kuguswa.
Lakini chuo hakiulizi pua.
Chuo kinataka insha ya maneno elfu moja,
na kila dai lije na shahidi wake.

"Nani alisema?" aliuliza Mwalimu Khasoa.
Nikamjibu: kila mtu Ahero anajua.
"Kila mtu Ahero," akasema,
"alichapisha mwaka gani? Ukurasa wa ngapi?"
Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka,
ila njiani swali likanifuata kama mbwa wa jirani:
Mama Akeyo, aliyenionyesha mwaka wangu wa kwanza
kwamba mbu huanzia pale nyayo za ng'ombe zinaposhika maji,
yeye nitamweka ukurasa wa ngapi?

Nilipeleka aya yangu ya kwanza. Niliandika:
nilizamisha upawa mara kumi, maji yakinifika magotini,
Obiero akishika daftari, ruba akimng'ata kisigino.
Kalamu nyekundu ikapita kama mundu.
Kilichobaki: Upawa ulizamishwa mara kumi.

Na nani?
Ulizamishwa tu.
Obiero hayumo. Ruba hayumo.
Upawa ulijiendea wenyewe jarubani alfajiri,
ukajizamisha, ukajihesabia,
ukarudi ofisini mkavu.

Nilinuna siku tatu.
Ya nne, nimesimama katikati ya maji, nikawaza:
huenda wananiondoa ili mwingine apate pa kusimama,
mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
aushike upawa pale nilipouachia,
azamishe mara kumi,
aone kama nilisema kweli.

Hata hiyo "huenda" ni ya darasani.
Usiseme "ni", hutuonya, sema "inaelekea kuwa".
Usiseme "nimethibitisha". Nani kakuambia umethibitisha?
Wenzangu wanauona huo ni woga.
Mimi nililelewa na mkulima wa mpunga.
Baba hakuwahi kusema mvua itanyesha.
Alitazama upande wa milima ya Nandi, akakohoa,
akasema: yaelekea.
Miaka yote hiyo, na sikumnukuu hata mara moja.

Usiku nasoma kwa taa ya simu.
Viunganishi ni matuta ya majaruba:
kimoja kikibomoka,
wazo humwagikia shamba la wenyewe.
Apondi hugeuka kitandani:
"Bado unagombana na Wazungu?"
Sigombani, namwambia. Natafuta pa kuweka koma.
"Iweke ulale."

Juzi nilimuuliza mwalimu:
katika tasnifu nzima, kurasa mia na ushei,
hakuna hata moja ambapo magoti yangu yanaruhusiwa?
Akafikiri, akifunga kalamu.
"Shukrani," akasema. "Lakini hiyo huandikwa mwisho."

Basi nimeanzia mwisho.
Sina mada. Sina swali la utafiti.
Barua ya chuo haijaja, na yaelekea itachelewa.
Nina ukurasa mmoja, wa Kiingereza, mistari sita:
Mama Akeyo na nyayo za ng'ombe,
Obiero na kisigino chake,
baba na kikohozi chake kabla ya neno.
Nimeandika "mimi" mara nne bila haya.

Mwalimu Khasoa aliusoma akiwa amesimama dirishani,
kalamu nyekundu ikiwa wazi.
Alisoma tena.
Hakufuta kitu.
Baada ya jina la Obiero
aliongeza koma.