Kilo Mbili

Ibra, Jumapili, saa nne na dakika tano.
Simu inalia juu ya friji, pahala pake,
nami najua ni Thuraya wa kituo cha afya:
wanangu hupiga usiku,
benki hunipigia nikiwa kwenye sala.

"Bi Ghaniya, umeamkaje? Umepima?"
Nimepima.
"Kabla ya chai?"
Kabla ya chai, baada ya choo, bila ya buibui,
kama ulivyoniamuru, we mtoto.
"Ngapi?"

Ngoja kwanza nikwambie alivyoingia kwangu.

Nilikuwa na madaktari watano.
Wa moyo yuko Maskati, mwendo wa saa mbili,
wa sukari yuko hapa hapa, Jumatatu tu,
wa figo, wa macho,
na wa tano sijui wa nini, ila ana adabu.
Kila mmoja aliandika,
hakuna aliyesoma alichoandika mwenziwe.
Na Kiarabu changu ni cha sokoni na cha matangani:
bei ya jodari naiweza, pole naiweza.
Maji yanayojaa kifuani
nilikuja kuelezwa kwa Kiswahili nina miaka sabini na moja.
Huko nyuma nikiitikia tu, zeni, zeni, inshallah,
nikirudi na mfuko mweupe
nikiutundika msumarini na wenzake.

Akaja, kijana mwembamba, viatu kavua mlangoni.
Mamake, kumbe, mzaliwa wa Kikwajuni.
"Lete dawa zote."
Nikaleta mfuko.
"Zote, Bibi."
Nikaleta za kabatini, za chini ya mto,
na za marehemu Harith, ambazo sikuwa na moyo wa kuzitupa.
Akazimwaga mkekani, akazichambua kama mchele.
Kisha akanyamaza.
Paketi mbili kazisogeza pamoja, ya buluu na ya kijani.
"Majina mawili haya, dawa moja.
Umekuwa ukiinywa maradufu."

Nikakumbuka kizunguzungu cha mwezi wa Rajabu,
nilivyoanguka na sinia la vitumbua
wakasema uzee.
Na mie nikaukubali,
nikausingizia uzee kosa lisilo lake.

Hakumlaumu mtu. Alipiga simu tatu, palepale mkekani,
kwa Kiarabu kilichonyooka, chenye meno,
na waliokuwa hawajuani wakajuana
juu ya mwili wangu.
Akaniachia mizani na daftari la mistari:
kilo mbili zikizidi kwa siku mbili, nipigie.

Sasa, ile Jumapili.
Nilikuwa nimetoka harusini Al Mudhaibi,
siku tatu za wali wa mbuzi na halua ya moto,
na mizani ilisema sitini na nane.
"Ngapi, Bibi?"
Sitini na sita, nikasema,
na daftarini nikaandika hivyo hivyo, kwa hati nzuri.
Ni halua, nikajiambia. Itashuka.

Usiku nikalala kitako.
Mto mmoja, wa pili, wa tatu,
pumzi inakuja nusu, nusu inabaki njiani.
Ukanda wa kiatu ulikuwa umeacha alama mguuni
kama kidole kwenye unga uliokandwa.
Saa moja asubuhi nikapiga mie, mara ya kwanza:
Thuraya, nimelidanganya daftari.

Nilingoja kufokewa.
Akauliza: "Ulilalia mito mingapi?"
Mitatu.
"Mahfudh ana gari leo?"
Analo.
Saa tatu nilikuwa kitandani kituoni, daktari keshajua habari yangu yote,
sindano ya kuteremsha maji mkononi,
na safari za chooni nisizihesabu.
Magharibi imenikuta kwangu.

Leo Jumapili nyingine.
Sitini na sita na robo, nasema,
na hiyo robo naisema kwa sauti aisikie.
Nasikia kalamu yake. Nasikia simu nyingine nyuma yake inalia.
Ana watu themanini, kila mmoja na mizani yake.
Na wewe, nauliza, umelalaje?
Kimya kidogo.
"Mto mmoja, Bibi."
Nikauandika na wake, pembeni ya mstari.