Wanaoniuliza Habari za Radi

Wa kwanza aliuliza kabla sijatoka wodini:
"Mama Nyemo, ulimkosea nani?"
Sijamkosea mtu. Nilikuwa nafunga mizabibu,
hapa Mpunguzi, mstari wa tisa, saa nane mchana,
waya kiganjani, kamba ya katani mdomoni,
na wingu lilikuwa bado kule, upande wa Bahi,
dogo, kama ndama aliyeachwa nyuma na kundi.
Ikanguruma mara moja. Msimamizi akasema,
"Hiyo ya Bahi, si yetu."

Tangu hapo naulizwa njiani, bombani,
kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Uliisikia? Hapana.
Ngurumo ni ya majirani.
Mimi namkumbuka mdudu mwekundu anapanda jani,
kisha robo saa ambayo sinayo,
wanayo wengine, nakusanya kwao kidogo kidogo
kama mtu anayedai deni.

Si ulivaa gauni jekundu?
La kijivu, limefuliwa mpaka limesahau rangi.
Si ulikuwa na kandambili za mpira?
Nilikuwa nazo. Moja waliiokota mstari wa kumi na moja,
imepasuka kama ganda la karanga.
Simu je? Simu ilikuwa dukani kwa Chedego
inachajiwa, shilingi mia tatu.
Lakini radi hairudi mahali ilipokwisha piga?
Kaulizeni ule mgunga wa shuleni,
una makovu matatu, na mwaka huu umechipua.

Na vioo, tuvifunike?
Funikeni mkipenda, vumbi litapungua.
Ila jembe liacheni lilale lilipo,
seng'enge iacheni, mti uacheni na kivuli chake.
Ukiona mwako, hesabu.
Ikinguruma hujafika thelathini, hiyo ni yenu.
Msikimbilie kibanda cha mlinzi, kile hakina hata ukuta.
Darasani, au ndani ya lori la zabibu, vioo juu,
na mkae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho,
hata mvua ikikatika,
hata msimamizi akipiga filimbi.

Msimamizi mwenyewe alikuja Alhamisi, kofia mkononi.
Hakuuliza kitu. Alikunywa maji, akashukuru, akaondoka.

Mkononi nilikuwa na alama, matawi mekundu
kutoka bega hadi kifundo, mtu angesema
fundi wetu ndiye aliyeyapogoa.
Yalikaa siku mbili, yakaenda bila kuaga.
Sikio la kushoto ndilo lililobaki na wageni:
nyuki, mzinga mzima, mchana na usiku.

Sasa na mimi nina swali.
Nimeambiwa mlikuwa ishirini na mmoja.
Nimeambiwa mlifanya duara, duara zuri,
kama la ngoma, na mimi katikati, midomo ya bluu,
na mtu akasema, msimguse, bado ana umeme.
Mlidhani nimeuweka wapi? Kwenye pindo la khanga?
Radi haikopeshi. Inapita.
Aliyepigwa ni mwili tu, kama wa aliyezama mtoni,
unataka mikono.

Sechelela akatua beseni lake la visheti.
Miaka kumi na minne. Alifundishwa shuleni, mara moja,
kwa mdoli usio na miguu.
Akapiga magoti kwenye tope, akanikandamiza kifua
akihesabu kwa sauti, akikosea, akianza tena,
mpaka nikakohoa.
Visheti, nasikia, mlivila.

Siwasuti. Woga nao ni mvua, humnyeshea kila mtu.

Lakini Nyemo wangu ana miaka sita.
Anapokea sahani nikiiweka chini kwanza.
Analala mkekani kwa bibi yake.
Jana usiku, koroboi inakaribia kuzima,
akasimama mlangoni:
"Mama, bado unao?"

Sikumjibu. Nilinyoosha mkono, kiganja juu.
Akaja. Akanigusa kwa kidole kimoja, haraka,
kama anayejaribu pasi ya mkaa,
akakitazama kidole,
akakirudisha,
akakiacha hapo.