Kopo la Tisa

Orrabinda haimo katika ramani ya mtu mwenye haraka.
Barabara moja, baa moja, pampu moja ya dizeli
inayokohoa kabla ya kutema,
watu thelathini na mmoja, na mbwa
ambao hatujawahi kuwahesabu: hawakubali kusimama.

Saa tano usiku nesi Marivic akapiga kengele ya shule.
Mchana kengele ile ni ya watoto sita.
Usiku ni ya mtu mmoja, na hujui ni nani
mpaka ufike.

Tukafika na makopo yetu,
makopo ya maziwa ya unga, ishirini na mawili,
kila kopo na nambari yake, kila nambari na mwenyewe,
na ndani karatasi ya chooni, bado imeviringwa,
imelewa dizeli.
Kumi na moja huku, kumi na moja kule,
katikati uwanja wa vumbi jekundu
ambao siku nyingine zote ni wa kangaruu na upepo.

"Ni nani?" akauliza Noreen, kiberiti mkononi.
"Tuckwell," akasema nesi. "Moyo."

Pakawa kimya.
Tuckwell, aliyemshtaki Noreen kwa ajili ya ua wa futi mbili.
Tuckwell, aliyempiga risasi mbwa wa Dell Hanrahan
kisha akamletea Dell bili ya risasi.
Tuckwell, ambaye miaka kumi na tisa hakulitaja jina la Merle Dixon,
alisema tu "yule mweusi wa mtoni",
na mto wenyewe hauna maji,
na kina Merle waliujua ulipokuwa nayo,
kabla babu yake Tuckwell hajashuka farasi.

Nilingoja mtu aseme neno.
Nakiri: lilikuwa mdomoni mwangu.

Merle akakanyaga mafuta.
Pikapu isiyo na bampa ikaingia uwanjani,
taa moja tu, kama mtu anayekonyeza,
akapiga honi, akawatukana kangaruu kwa lugha mbili,
nao wakarukia gizani mmoja mmoja
kama madeni yanayosamehewa shingo upande.

Basi tukawasha.
La kwanza, la pili, la tatu. La nane.
La tisa lilikuwa la Tuckwell mwenyewe.
Tukatazamana. Pengo katika mstari,
na rubani huko juu asiyejua ugomvi wetu
angedhani njia imekwishia hapo.
Noreen akaliacha la kwake,
akatembea akilaani kila hatua,
akainama, akaliwasha.

Mgeni akaja. Kwanza nyota,
kisha nyota yenye sauti,
kisha magurudumu, na vumbi lililotupaka sote rangi moja.
Mwenyeji apone? Hatukujua.
Walimpakia amefumba macho,
vidole vimeng'ang'ania ukosi wa Marivic
hata ikabidi nesi avue koti, liende naye.

Hakuna aliyekwenda kulala.
Tulikaa juu ya maboneti, chai ya Dell ikizunguka katika kikombe kimoja,
tukiyangoja makopo yazimike kwa hiari yao.

Wiki ya tano alirudi na lori la posta,
amekonda, kovu kifuani kama zipu.
Hakusema ahsante.
Alikwenda moja kwa moja bandani, akahesabu,
akatoka na kopo lililopiga masizi:
"Nani kaliunguza kopo langu?"

"Nishtaki," akasema Noreen.

Tulicheka, Mungu atusamehe, tukashika mbavu.
Yeye akasimama tu na kopo lake,
akitazama upande ilikoegeshwa pikapu,
kisha, kama mtu anayepapasa kitu kilichoangukia uvunguni:
"Merle. Ile taa yako ya pili.
Ninayo moja ghalani."

Ilikuwa ya gari jingine kabisa. Haikuingia.
Merle aliifunga kwa waya wa ua.